Mwingereza Alivyomfungia Bibi Harusi

Sikutaka kuandika habari hii, lakini imeshaenea Louisville, imeshafika Columbus, na juzijuzi mtu aliyehamia Buffalo, ambaye hata jina langu halijui, alinisimamisha mlangoni mwa duka la vyakula akaniuliza kama ni mimi yule baba aliyemfungia bibi harusi ndani ya gari, donc, basi, nimeona heri niisimulie mwenyewe kabla hawajaongeza kwamba nilimfungia pamoja na mchungaji. Ndiyo, ni mimi. Aibu ninayo, na ukiimwaga katika Ziwa Erie, samaki watahama.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mtu wa Uvira, naishi North Buffalo, nafanya kazi kiwandani kule Tonawanda, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikitoka kazini naenda moja kwa moja shule ya jioni, vumbi la kiwanda bado kwenye nyusi, tunakaa watu wa kila pembe ya dunia tunasoma Kiingereza na hesabu, mpaka nikahitimu. (Cheti kipo sebuleni juu ya televisheni, na mgeni asiyekisoma hapewi chai.) Ili uhitimu ilibidi usimame mbele ya darasa ueleze kitu unachokijua vizuri. Mama mmoja wa Burma alieleza namna ya kuchachusha majani ya chai, kijana wa Yemen akaeleza nyuki. Mimi nikaeleza gari la Waingereza.

Mtaniuliza, mtu wa Uvira na gari la Waingereza wapi na wapi? Ni hivi. Nilipokuwa mdogo, kulikuwa na duka la Mgiriki mmoja pale mjini, na ndani ya duka kulikuwa na kalenda ambayo mwaka wake ulikuwa umekwisha zamani lakini hakuna aliyethubutu kuitoa ukutani, kwa sababu ya picha: gari refu jeusi, limesimama mbele ya nyumba yenye madirisha mengi kuliko mtaa wetu wote, na mbele yake limevaa nikeli inayong'aa kama meno ya mtu tajiri. Nilikuwa natumwa chumvi narudi jioni. Mama alidhani nachezea njiani, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye kalenda. Jina kamili la gari hilo sitaliandika hapa, maana wenye jina wana mawakili na mimi nina cheti cha shule ya jioni tu. Nyumbani kwetu tunamwita Mwingereza, na nyinyi mwiteni hivyo hivyo.

Basi kwa ajili ya siku ile ya darasani nilisoma vitabu vyote vya maktaba kuhusu Mwingereza (vilikuwa viwili, kimoja cha picha). Nikawaeleza wanafunzi wenzangu jinsi alivyoanza na mafundi wachache waliojifungia katika karakana baridi, wakikataa kuuza gari ambalo lingewasumbua kwa kelele. Nikawaeleza kwamba ngozi ya viti vyake inatafutwa kwa ng'ombe waliolishwa mahali pasipo na senyenge, ili ngozi isiwe na kovu hata moja (hapo nikaongeza kwamba ng'ombe hao hupigwa mswaki kila asubuhi, jambo ambalo kitabu hakikusema lakini hakikukataa). Nikasema mbao za mbele, pale penye saa na vipimo, hukatwa kutoka mti mmoja, upande wa kulia na wa kushoto zifanane kama mapacha. Nikasema wakati wa vita kubwa waliacha magari wakatengeneza injini za ndege, vita ilipokwisha wakarudi kwenye magari na utulivu ule ule. Na injini yenyewe, nikasema, ni tulivu kiasi kwamba ukimlaza mtoto mchanga juu ya boneti ukaiwasha, mtoto ataamka tu utakapoizima, kwa kushtuka. Mwalimu alipiga makofi. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ni kweli siku hizi Mwingereza ni mali ya Wajerumani. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya ndoa, hayabadilishi ukoo.

Tangu siku ile nikaitwa Profesa, na hapo ndipo mkosi ulipoanza kunoa kisu.

Kaka yangu mkubwa, yaya Ezekieli (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), anaishi Louisville na binti yake Riziki, na Riziki alipata mchumba, kijana wa Kenya aitwaye Mutua, aliyekuja Columbus kusoma mambo ya hesabu akabaki huko na kazi ya ofisini na tai. Kijana mzuri, ana heshima, ila ni Mkenya, akizungumza nusu ya maneno unayaona na nusu yanakupita kama ndege. Mambo yote ya kimila yakaenda sawa, ikabaki harusi. Tukakutana kwa simu, ukoo mzima, kila mtu anasema na hakuna anayesikia, ndipo yaya akauliza, "Bon, na gari ya kumubeba mutoto itatoka wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Watu wengi wenye akili walikuwa wamenyamaza. Mimi nikasema, "Riziki atashuka kutoka ndani ya Mwingereza."

Kisha nikamsikia Riziki mwenyewe, sauti yake iko mbali na spika, akisema taratibu, "Baba mudogo, ni ya kweli hiyo?" Sasa wewe ungemjibu nini mtoto aliyeuliza hivyo?

Mungu si mwanafunzi wa shule ya jioni, ana njia zake. Shemeji yangu mmoja pale Columbus anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mmoja wa wazee wake, anakaa Gahanna, pembeni ya Columbus, jina lake Walter, alikuwa na Mwingereza wa zamani ndani ya gereji, amefunikwa shuka kama mgonjwa. Magoti yalimkataza kuendesha. Nikampigia simu, nikamhadithia Mwingereza wake kuanzia karakana mpaka ng'ombe wa mswaki, na mzee akacheka mpaka shemeji akadhani amepaliwa. Tukawa tunazungumza kila Jumapili. Mwisho akasema gari lisilokwenda harusini linageuka kabati, nije nilichukue.

Siku moja kabla ya harusi nikateremka kutoka Buffalo na kigari changu kidogo, nikafika Gahanna, ndege zinapita juu ya paa la mzee kana kwamba zinaomba chumvi. Tukaondoa lile shuka. Ndugu zangu, nilikuwa nimeliona kwenye kalenda na kwenye vitabu viwili, lakini sikuwa nimewahi kuligusa. Jeusi. Milango ya nyuma inafunguka kinyume, kama kabati la bwana. Ndani kuna kioo kinachopanda kati ya dereva na abiria, ili mkubwa aseme siri zake na dereva asubiri kuzisikia mbinguni. Nikashika ule ubao wa mbele, na kweli, kulia na kushoto ni mapacha.

Mzee Walter akaja na mkongojo wake, akaegemea buti, akasema, "Njoo huku nyuma, kuna vitu viwili vitatu vya gari hili nikuonyeshe."

Na mimi, mhitimu, nikamjibu, "Mzee, usijichoshe. Gari hili nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

(Mke wangu aliposikia sentensi hiyo baadaye alisema anakubaliana nayo kabisa, lakini si kwa namna niliyokusudia.) Mzee akatabasamu, akanipa ufunguo. Kila kilichofuata kimetokana na sentensi hiyo. Mkitafuta mahali pengine pa kulaumu mtachoka.

Kutoka Columbus mpaka Louisville nilikuwa mfalme. Watu walinipita wakipunguza mwendo, wakapiga picha, mtoto mmoja akanipungia mkono nami nikamjibu kwa vidole viwili tu, kama nilivyoamini wafalme hufanya. Asubuhi ya harusi nikamchukua Riziki nyumbani kwa yaya. Gauni lake lilikuwa kubwa, likaingia kwanza, kisha yeye akalifuata. Nikapandisha kile kioo cha kati, ingawa hakuna aliyeomba, ili ajue anabebwa ndani ya nini. Nikawasha taa zote, nikawasha feni ya baridi, nikawasha redio. Tukaenda kanisani taratibu, msafara wa magari nyuma yetu umewasha taa za hazadi, na mimi machozi yananilenga, nikikumbuka mtoto huyu tulivyombeba mgongoni kule kambi ya wakimbizi.

Tukafika kwenye parking ya kanisa. Upande wa bwana harusi walikuwa wameshafika kutoka Columbus, wamejipanga, mbele yao mama yake Mutua, aliyekuja kutoka Machakos kwa ajili ya siku hiyo. Mama mfupi, mgongo umenyooka, hasemi mengi.

Sasa, kwa asiyejua mila yetu: bibi harusi hashuki hivi hivi. Mashangazi wanasimama mlangoni mwa gari, wanauzuia, wanaimba, na upande wa bwana harusi wanaleta vitu vya kufungulia mlango. Wanaleta kidogo, mashangazi wanageuza nyuso. Wanaongeza, mashangazi wanalalamika kwamba mlango una kutu. Ni mchezo, lakini ni mchezo wa kweli, maana huko ndiko familia moja inapoiambia nyingine kwamba mtoto wetu si wa kuokota. Wakenya walikuwa wameelezwa, wakajiandaa vizuri. Mashangazi wetu waliongozwa na Tantine Faida, mwanamke anayeweza kuliombea jiwe likatoa jasho.

"Profesa," akaniambia Tantine Faida, amejifunga kitenge kiunoni, "funga mulango sawasawa. Ile ya kufunga kabisa."

Nikabonyeza kitufe cha kufuli. Milango yote ikasema *tak*. Ilikuwa sauti tamu. Mwingereza hata akifunga mlango anafunga kwa adabu. Nikabaki kwenye usukani, mikono magotini, taa zinawaka, feni inapuliza, redio inaimba chini chini, nikiamini kwamba injini inaendelea kunguruma kwa ule utulivu wake maarufu ambao niliuhubiri darasani.

Kumbe injini ilikuwa imezimika zamani. Ilizimika nilipoingia parking, na kwa sababu Mwingereza akiwa amewaka na Mwingereza akiwa amekufa sauti ni moja, Profesa hakujua.

Nje mambo yalikuwa moto. Wakenya wakaleta vitenge, Tantine Faida akageuza uso. Wakaleta blanketi kubwa lenye picha ya simba. "Simba peke yake?" akauliza Tantine. "Mke wake alibakia wapi?" Wakaleta mfuko wa mchele, unga, kreti za soda, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Kila kitu kikipokelewa, mashangazi wanakipeleka nyuma, kwenye buti nililokuwa nimelifungua tulipofika, kwa ufunguo wake wa peke yake, wanakipanga. Mwisho akaja mama yake Mutua mwenyewe, ameshika kiondo kipya, kikapu kikubwa cha kusukwa cha kwao Wakamba, chenye rangi za udongo na zambarau na mkanda wa kubebea, ndani kuna nafaka na leso. Alikishika kwa mikono miwili. Mutua akaeleza kwa upole, "Tantine, hii mum ameisuka mwenyewe. Alianza siku nilimwambia kuhusu Riziki."

Tantine Faida hakugeuza uso tena. Akakipokea kwa magoti. Kiondo kikawekwa ndani ya buti juu ya vitu vyote, buti likajaa mpaka likafungwa kwa kusukumwa na watu wazima. Kisha Tantine akainua mkono: "Mulango imekubali. Profesa, fungua."

Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena, kama mtu anayembembeleza mtoto kwa kumfinya. Redio ilikuwa imenyamaza, sikuona ilinyamaza saa ngapi. Taa zilikuwa zimebaki rangi ya chai ya rangi. Nikageuza ufunguo, Mwingereza akatoa mlio mmoja mdogo wa kukereka, akakaa.

Mlango wangu wa mbele ulifunguka kwa mkono, nikatoka. Nikaenda kwenye mlango wa nyuma, nikavuta. Haukuja. Ndani Riziki akavuta kishikio chake, hakikuja. Madirisha ni ya umeme. Kile kioo cha kati, ambacho hakuna aliyeniomba nikipandishe, ni cha umeme. Nikamwambia Tantine Faida kwa sauti ya chini, "Tantine, mlango haufunguki."

Akanitazama kwa furaha, akageukia watu: "Bashemeji, Profesa anasema mulango haifunguke. Baba mudogo naye anataka yake."

Watu wakapiga vigelegele. Nikasema hapana, nasema kweli, gari limekufa, betri imekwisha. Kicheko kikazidi. Binamu wa Mutua akanivika kofia. Nikaivua. Wakaniongezea mkanda. (Mkanda mzuri, bado ninao.) Nikajaribu kwa Kiswahili cha darasani, nikajaribu kwa Kiingereza cha cheti, nikaapa kwa kaburi la bibi yangu, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonipigia makofi kwamba Wakongo wanajua kuigiza. Ndani Riziki anagonga kioo kwa kiganja, na mashangazi wanaufuata mdundo wake kwa wimbo. Ni Mutua tu aliyeanza kunitazama vizuri.

"Anko," akasema, "hii ni drama ama ni serious?"

"Ni serious, mwanangu."

Akavua koti, akafungua boneti pamoja nami. Kaka mmoja wa kanisani akaleta zile nyaya za kuamshia gari kutoka kwa betri ya gari jingine (hakuna Mkongo wa Louisville asiye nazo), akasimama na vibanio viwili mkononi kama daktari, akauliza, "Profesa, betri iko wapi?"

Nikatazama. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Kulikuwa na mabomba, matangi, vitu vya shaba vyenye heshima kubwa. Betri haikuwemo. Watu wakaanza kusogea kunizunguka, na mtu niliyemfundisha historia ya Mwingereza kwa simu mara tatu akasema polepole, "Si unasemaga unaijua?"

Nikampigia mzee Walter. Nikamweleza kwa kifupi, kwa sauti ya mtu aliye hospitalini. Akasema betri ya gari lile haiko mbele, iko nyuma, ndani ya buti, chini ya zulia, pembeni ya gurudumu la akiba, na kwamba hicho ndicho alichotaka kunionyesha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo aibu ilipoacha kuwa yangu peke yangu. Nilikimbia nyuma, nikafungua buti, na mbele yangu ulikuwa mlima wa zawadi. Sikufikiri. Nilikuwa namfikiria Riziki mle ndani na lile gauni na jua la Kentucky kwenye kioo. Nikaanza kutoa vitu. Kiondo kwanza, kwa sababu kilikuwa juu, nikakiweka chini kwenye lami, kikalala ubavu, nafaka zikamwagika kidogo. Nikarusha blanketi la simba. Nikatoa sufuria, zikaachana, moja ikabingirika mpaka miguuni mwa watu wa Columbus. Nikaburuta mfuko wa mchele. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nilipoinua kichwa niliona nyuso, nikaelewa. Kwetu, na kwa Wakamba nikaja kujua ni vilevile, kuna njia moja tu ya kusema ndoa haipo bila kufungua mdomo: unarudisha vitu. Hutukani, huelezi. Unavitoa, unaviweka chini mbele ya waliovileta. Na aliyekuwa anavitoa hakuwa mlevi aliyepita njia, alikuwa baba mdogo wa bibi harusi.

Yaya Ezekieli akaja mbio ameshika kichwa. "Unafanya nini? Weye, unafanya nini?"

"Betri," nikasema.

Mama yake Mutua hakukimbia wala hakupaza sauti. Alikuja akakitazama kiondo chake pale kwenye lami, kisha akamwambia mwanawe, "Mutua, twende nyumbani. Wakitaka kukukataa wangekwambia ungali Columbus. Si wangesema tu?"

"Mum, si hivyo. Gari imeharibika."

"Gari likiharibika mtu anatupa kiondo changu? Kiondo ni tairi?"

Nikajieleza. Nilisema betri iko chini ya zawadi, nikasema Waingereza huweka betri nyuma kwa ajili ya kusawazisha uzito (ndiyo, hata wakati huo, Mungu anisamehe, nilikuwa natoa somo), na kila neno langu lilikuwa linanizamisha. Maana mtu aliyepiga kelele kwa nusu saa kwamba mbwa mwitu amekuja, wakamvika kofia na mkanda, nani atamwamini akimwona mbwa mwitu mwenyewe? Watu wa mama yake Mutua wakaanza kuokota sufuria, kimyakimya, wakizipeleka kwenye magari yao. Mutua alisimama katikati ya parking, koti mkononi, anamtazama mama yake, anatazama gari. Nyuma ya kioo Riziki alikuwa ameacha kugonga. Alikuwa ameona kila kitu. Aliona vitu vinatolewa na baba yake mdogo na vinabebwa na watu wa mchumba wake, na hakuweza kusikia hata neno moja la kumwambia kwa nini, kwa sababu Mwingereza, kama nilivyofundisha, haingizi kelele za nje. Nimeona mambo maishani. Uso wa mtoto yule nyuma ya kioo sitausahau.

Nikaingia ndani ya buti. Nasema niliingia, na suti yangu, kwa magoti, nikang'oa zulia, na betri ilikuwepo, imekaa kama chura shimoni. Yule kaka akaleta gari lake kinyumenyume, akaunganisha nyaya. Tukangoja kidogo. Nikakimbia mbele, nikabonyeza.

*Tak.*

Riziki hakungoja afunguliwe. Bibi harusi wetu hashuki mwenyewe, anashikwa mkono na shangazi, anatembea macho chini, pole pole. Yule alitoka kama mtu anayewahi basi, gauni amelikunja kwenye kiwiko, jasho limemchora usoni. Tantine Faida akamnyooshea mkono, Riziki akampita. Akampita baba yake. Akanipita mimi, na jicho alilonipa nitalieleza siku nyingine. Akaenda moja kwa moja pale kiondo kilipolala. Akainama, akazoa nafaka kwa viganja akazirudisha ndani, akaushika ule mkanda wa kiondo, akauweka kwenye paji la uso, juu ya shela, akakibeba mgongoni, kama bibi zetu wanavyobeba mizigo wakitoka shambani kule Kivu. Akasimama mbele ya mama yake Mutua, amebeba, kichwa kimeinama kwa uzito.

"Mama," akasema, "mlango ndio ulikataa. Mimi sikukataa."

Mama yule akanyoosha mkono, nikadhani anakichukua kiondo chake. Alikuwa anasogeza mkanda, akaupandisha kidogo juu ya paji.

"Ukiweka hapo utaumwa shingo," akasema. "Sisi tunaweka hapa. Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu."

"Na yeye alikuwa Mkamba?"

"Hapana, Mama. Mushi, kabila la kwetu kule Walungu."

"Basi Wakamba wamefika mbali," akasema mama, na midomo yake ikaanza kukataa kubaki mizito. Akageuka kwa watu wake waliokuwa wanapanga sufuria kwenye magari yao. "Rudisheni hizo vitu. Si mmesikia ni mlango?"

Waliingia kanisani hivyo. Mashangazi walijaribu kukitua kiondo, Riziki akakataa, akaingia nacho mpaka karibu na mchungaji, na mama mkwe wake pembeni amemshika kiwiko. Mimi nilikaa kiti cha mwisho kabisa, magoti meusi kwa grisi, kofia ya binamu mapajani, na kila aliyepita alinipiga begani taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa.

Gari nililirudisha Gahanna bila kumpungia mtu mkono njiani. Mzee Walter alitaka nimhadithie tangu mwanzo, nikamhadithia, akacheka sana, akaniambia nisihuzunike, kwamba na yeye siku ya kwanza alitafuta betri mbele.

Tangu hapo nimealikwa harusi nyingine Buffalo, wakaniomba niseme gari gani lingefaa. Nikawaambia mimi nitakuja na wanaopika, nimekaa nyuma ya gari dogo kati ya masufuria, kwenye mlango unaofunguka kwa kupigwa teke. Na mtu akiniuliza habari za Mwingereza, karakana yake, ng'ombe wake na utulivu wake, namjibu kwamba ni gari zuri, lina viti, lina magurudumu manne, na kama anataka zaidi ya hayo amuulize mwenye gari, tena ampe nafasi amalize kusema.